Kisima cha Jotoardhi Kikigoma, Hasara ya Nani?

Anayeingia Masasi, mkoani Mtwara, kwa mara ya kwanza anaweza kuitazama milima ya mawe kama Mkomaindo na kudhani ni volkano zilizozimika. Sivyo. Miamba hiyo ni ya kale mno, na imepoa tangu mamia ya mamilioni ya miaka. Newala nako, juu ya uwanda wa Makonde, chini ni mchanga na mawe ya mchanga. Ardhi ya namna hiyo huongeza joto kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kila kilomita, kama ilivyo sehemu nyingi duniani. Mitambo mikubwa ya umeme wa jotoardhi hutaka nyuzi zaidi ya 200, yaani kushuka karibu kilomita sita, na huko nako maji yawepo.

Joto lililo karibu na uso wa ardhi liko kwenye Bonde la Ufa. Ndiyo maana Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC), kampuni tanzu ya TANESCO iliyoundwa mwaka 2013, imeelekeza nguvu Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye kisima. Watu wa Newala wanaujua ugumu huo kwa upande wa maji: mchanga wa uwandani hunywa mvua yote, maji yakazama mbali, hata ikabidi yasukumwe kwa mashine kutoka bonde la Kitangari. Kisima cha jotoardhi hushuka kilomita mbili au tatu, hula mamilioni ya dola, na bado kinaweza kutoka kikavu. Benki hazipendi kukopeshea kitu ambacho hakijaonekana.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilimtwisha mwekezaji mzigo huo. Ndani ya eneo lake la majaribio ya silaha la China Lake, jangwani California, kuna sehemu iitwayo Coso yenye mvuke ardhini. Mwaka 1979 jeshi lilitia saini mkataba na kampuni binafsi: ardhi ibaki ya jeshi, kampuni itafute fedha, ichimbe, ijenge na iendeshe. Mtambo wa kwanza uliwaka mwaka 1987, na baada ya miaka michache Coso ilikuwa na megawati takriban 270. Umeme uliuzwa kwa shirika la umeme la jimboni, na jeshi likapata mgawo wa mapato. Baadaye mvuke ulianza kupungua, kwa kuwa maji mengi yalipotelea hewani kwenye minara ya kupozea. Mwaka 2009 kampuni ililaza bomba la kuleta maji kutoka bonde jirani na kuyarudisha ardhini.

Kenya ilipita njia nyingine. Menengai, karibu na Nakuru, kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchoronga mwaka 2011. Serikali ilibeba hatari ya visima, kisha mvuke ukauzwa kwa kampuni binafsi zenye mitambo. Ya kwanza, Sosian, yenye megawati 35, ilianza kuzalisha mwaka 2023, miaka 12 baadaye.

Mtwara ina kisa chake, ila cha gesi. AGIP ya Italia iligundua gesi Mnazi Bay mwaka 1982, ikaiacha chini. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla Artumas ya Kanada haijakifufua kisima na kujenga mtambo wa megawati 18 mjini Mtwara. Umeme wa gesi ukachukua nafasi ya majenereta ya dizeli, ukafika hadi Masasi na Newala. Gesi ilikuwa imeshaonekana, lakini wateja walikuwa wachache kuliko mwekezaji alivyohitaji, na mtambo ule sasa uko mikononi mwa TANESCO.

Ngozi ikitoa umeme, wakazi wa uwanda wa Makonde wataupata kwa gridi ya Taifa, na njia ya kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi imekusudiwa kuwaunganisha nayo. Wateja wa Newala na Mbeya hununua uniti za LUKU kwa viwango vilevile, kutoka shirika lilelile linaloimiliki TGDC. Kisima kikigoma Mbeya bila mwekezaji wa kubeba hasara, hesabu yake itawafikia wote wawili.