Ngazi Tatu za Watunga Programu

Chama cha msingi kinapoacha madaftari na kuweka hesabu zake katika kompyuta, haki ya mkulima hutegemea kazi ya mtu ambaye kamati haina ujuzi wa kumkagua. Kwa hiyo yafaa viongozi waelewe tofauti iliyopo baina ya mtunga programu mchanga, wa kati na mwandamizi. Tofauti hiyo haipimwi kwa miaka ya kazi peke yake, bali kwa ukubwa wa jukumu ambalo mtu aweza kuachiwa bila ya kusimamiwa.

Mchanga hupewa kazi iliyokwisha kupangwa. Akiagizwa azidishe kilo kwa bei, programu yake itatoa jibu sahihi maadamu mambo yanakwenda kama alivyoelezwa. Hiyo si aibu, kwani kila fundi huanza hivyo. Lakini kazi yake lazima ipitiwe na mwenziwe kabla ya kutumiwa.

Wa kati hupewa tatizo, naye hutafuta njia mwenyewe. Hujiuliza itakuwaje karani akiingiza stakabadhi moja mara mbili, umeme ukikatika katikati ya malipo, au deni la mbolea likizidi thamani ya mazao. Huyajaribu hayo yote kabla ya msimu kuanza.

Mwandamizi huchunguza kwanza kama tatizo lenyewe limeelezwa sawasawa, na kama kilichofaa kwingine kitafaa hapa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Sehemu ya programu yake ilitoka katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Haikujaribiwa kwa safari ya roketi mpya, iliyokuwa na mwendo mkubwa zaidi. Nambari moja ilizidi nafasi iliyotengewa. Kifaa cha akiba, chenye programu ile ile, nacho kilishindwa. Roketi iliangamia kabla ya dakika moja kwisha.

Vivyo hivyo, programu ya chama kinacholipa wakulima mara moja yaweza kukidhulumu chama chenye malipo ya awali na ya pili, ingawa haina kosa lolote kule ilikotoka.

Basi, kamati inapomhoji mwombaji, isiishie kwenye vyeti. Imwulize ni programu gani iliyowahi kumshinda na alijifunza nini. Na akiondoka, nani ataweza kuisoma kazi yake. Vyama visivyomudu mwandamizi peke yao vyaweza kuchangiana mmoja, awaongoze vijana na kupitia kazi zao. Mshahara wake utaonekana mkubwa, lakini hasara ya msimu mmoja uliohesabiwa vibaya huwaangukia wanachama wote.