Ukoo wa baba, lugha ya mama: DNA inasema nini juu ya asili ya Waswahili

MINOVA – Huku Kalehe, mtu akikuuliza kabila yako, anataka kabila ya baba. Baba akiwa Muhavu, wewe Muhavu. Akiwa Mutembo, wewe Mutembo. Waarabu pia wanahesabu nasaba hivyo. Lakini sayansi inaonyesha kwamba njia ya baba peke yake inaficha watu wengi.

Kila mwanaume anapokea kromosomu Y kutoka kwa baba yake, karibu bila mabadiliko. Mabadiliko madogo yanayotokea yanabaki kama alama, na kwa alama hizo wataalamu wanatambua koo. Ukoo unaoitwa J1 umeenea sana kwa Waarabu: nchini Yemen, zaidi ya nusu ya wanaume wanao. Hata hivyo uko pia kwa Wayahudi na kwa watu wa Dagestan, katika milima ya Kaukazi. Ulianza maelfu ya miaka kabla Waarabu hawajaitwa Waarabu.

Na Waswahili? Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilitoa utafiti wa Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao juu ya DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Matokeo: tangu karibu mwaka 1000, wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, walizaa na wanawake Waafrika. Damu ya Uarabuni iliongezeka baada ya mwaka 1500.

Baba walitoka mbali, lakini lugha ilibaki ya upande wa mama. Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu, lakini ni lugha ya Kibantu. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa, kama ile ya Tippu Tip, ilikifikisha Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Leo ndicho tunachosema sokoni Minova.

Katika Kivu, swali la nani mzawa na nani mgeni limeua watu wengi. Anayetumaini kwamba kipimo cha damu kitalijibu, ahesabu kwanza: ukirudi nyuma vizazi kumi, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inaeleza mmoja tu.

Sheria ya uraia ya Congo ya 2004 nayo haiishii kwa baba. Inasema mtoto ni Mukongomani tangu kuzaliwa ikiwa mzazi wake mmoja, baba ao mama, ni Mukongomani.