Mkanda Ukikazwa, Nani Anabanwa?

Ilikuwa mwaka 2004, nami nikiwa bado mgeni kazini katika hospitali moja ya wilaya. Saa nane za usiku aliingia mama amembeba mtoto wa miaka sita. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka, naye alikuwa akihema kwa shida. Nikamwuliza mama, "Homa ilianza lini?" Akajibu, "Leo siku ya nne, sista. Nilikuwa natafuta hela."

Alikuwa ameuza kuku wawili, fedha haikutosha. Nyumbani palikuwa na mbuzi, lakini mumewe alikuwa safarini, naye aliogopa kuuza mali ya mume bila ruhusa. Akaamua kusubiri Jumamosi, siku ambayo ingekuwa zamu yake ya kupokea upatu. Malaria haikusubiri Jumamosi. Tulimtundikia mtoto dripu ya kwinini, tukahangaika kutafuta damu. Kabla hakujapambazuka, alifariki.

Wengine walimlaumu mama yule kwa kuchelewa. Mimi sikuweza, maana nilimwona mama yangu mzazi ndani yake.

Tulifikaje hapo?

Wapendwa mama na dada, wengi wetu tumesimuliwa na wazazi habari za wakati ambapo mgonjwa alitibiwa hospitali ya serikali bila kulipa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu la Tanzania lilijitwika mzigo wa matibabu na elimu ya msingi kwa wananchi wake. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha nyingi. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikageuka miaka. Sukari na sabuni vikawa vitu vya kupanga foleni, na wapo akina mama waliofulia majani ya mpapai.

Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zilirudi madukani, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini thamani ya shilingi ilishushwa, matumizi ya serikali yakabanwa, na katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa kazini. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Shuleni nako wazazi walidaiwa karo na michango.

Tuseme haki: hazina ilikuwa na upungufu wa kweli. Sikalamu hapa kumtupia mtu mawe. Nataka tuangalie mzigo ule ulikwenda wapi.

Gharama haikupotea, ilihama

Serikali ikiacha kununua glovu, wajawazito hawaachi kujifungua. Mama anaambiwa aje na glovu zake, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kulalia. Kwa maandishi, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa malipo tangu mwanzo. Lakini msamaha haujazi kabati la dawa lililo tupu. Wodi ikipungukiwa na wauguzi, ndugu ndiye anayemwogesha na kumlisha mgonjwa, na ndugu huyo karibu siku zote ni mwanamke. Siku tatu alizokaa hospitali ni siku tatu ambazo genge lake halikufunguliwa. Sijaona bajeti inayoandika hasara hiyo.

Kwetu, baba alipunguzwa kazi katikati ya miaka ya 1990. Alikuwa karani. Alikaa kibarazani miezi mingi, haongei na mtu. Mama akaanza kuamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi. Tulikuwa watoto watano, na fedha ya shule haikututosha sote. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alibaki nyumbani siku moja kumsaidia mama, kisha wiki, kisha hakurudi tena shule. Hakuna aliyeketi na kuamua kwamba yeye ndiye atolewe. Lakini kaka yetu, aliyekuwa nyuma yake darasani, hakuambiwa abaki akaange maandazi. Mimi nilisoma kwa fedha ya maandazi yale, na diploma yangu ya uuguzi naihesabu kuwa ya dada yangu pia.

Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, wakati nchi ilipopata nafuu ya madeni yake. Hapo ndipo tulipoona ni wangapi waliokuwa wamezuiwa na fedha. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 4 na ushei mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005.

Mambo haya hayajaisha. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, miradi mingi ya afya katika nchi zetu ilisimama au kupunguzwa. Mkanda utakazwa tena, na familia iliyojiandaa itaumia kidogo.

Tufanye nini majumbani?

Kwanza, usisubiri fedha itimie. Mtoto mwenye degedege, anayehema haraka, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au aliyepauka viganja, mpeleke mara moja. Mambo ya malipo yatazungumzwa akiwa tayari mikononi mwa mganga.

Pili, uliza haki yako. Hospitali nyingi zina ofisa ustawi wa jamii anayeshughulikia msamaha kwa wasio na uwezo. Mara nyingi huhitajika barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Ifuatilie mapema ukijua hali yenu ni ngumu.

Tatu, jiungeni na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Uliza katika kituo chako cha afya namna ya kujiandikisha.

Nne, mnapopunguza matumizi ya nyumba, tazameni ni nani anayepunguziwa. Asiwe binti kila mara.

Tano, kikundi chetu cha akina mama kanisani kiwe na mfuko wa dharura, hata kama kila mmoja atatoa kidogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi Wakristo hatuna ruhusa ya kuuona mwepesi hivyo. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga, akagawa. Na mtume Yakobo anatuonya tusimwage mwenye njaa kwa maneno mazuri matupu.

La mwisho ni kwa mume na mke. Mama yule wa mwaka 2004 alikuwa na mbuzi zizini. Alichokosa ni neno moja la mumewe. Leo jioni, baada ya sala ya familia, mwulize mwenzako: "Mtoto akiugua usiku na wewe haupo, niuze nini?"