Kufundisha Upishi wa Traifo katika Shule za Kyela

Katika upishi wa Kiingereza kuna chakula kitamu cha kumalizia mlo kiitwacho traifo. Hupangwa kwa tabaka ndani ya bakuli la kioo: chini huwekwa vipande vya keki vilivyoloweshwa, juu yake matunda, kisha kastadi, na mwisho krimu iliyopigwa hadi ikaumuka. Wengine huongeza tabaka la jeli. Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha Ipinda, Matema au Kyela mjini ana haki ya kuuliza: chakula hiki kina kazi gani katika shule iliyo kando ya Ziwa Nyasa, ambako watoto hula wali, ndizi na samaki? Tunaamini kwamba kina kazi kubwa, mradi mwalimu afundishe kazi ya kila tabaka badala ya kufundisha orodha ya vitu vya kununua.

Historia ya chakula chenyewe inatuunga mkono. Jina la traifo limo katika kitabu cha upishi cha Thomas Dawson cha mwaka 1585, lakini wakati huo lilikuwa jina la krimu iliyotiwa sukari na viungo tu. Katika karne ya 18 ndipo wapishi walipoongeza biskuti zilizoloweshwa kwa divai, na kastadi juu yake. Mwaka 1837 Alfred Bird wa mji wa Birmingham alibuni unga wa kastadi usio na mayai, kwa kuwa mkewe alikuwa akidhurika kwa kula mayai. Basi hata kwao kila mpishi aliibadili kwa kadiri ya alichonacho na ya watu aliowapikia. Kwa nini mwalimu wa Kyela akatazwe?

Tuanze na tabaka la chini. Kazi yake ni kunywa maji ya matunda bila kumomonyoka. Keki iliyokauka kidogo hufaa kuliko keki mpya, na kwa hakika traifo ilikuwa njia njema ya kutotupa keki ya jana. Shule isiyo na tanuri huweza kuoka keki katika sufuria, makaa yakiwa chini na juu ya kifuniko. Tunapendelea zaidi vitumbua vya mchele vilivyolala usiku mmoja. Mchele wa Kyela unasifiwa nchini kote, na mtoto anapouona ukishika nafasi ya keki ya Kiingereza huelewa upesi kuliko kwa maelezo marefu. Divai haina nafasi shuleni. Maji ya machungwa yanatosha.

Juu yake huja ndizi mbivu zilizokatwa vipande vyembamba, au maembe katika msimu wake. Ndizi zikamuliwe ndimu ili zisigeuke rangi.

Hapa mwanachuo atakumbuka jeli. Ushauri wetu ni kuiacha. Jeli huganda kwa baridi, na Kyela, iliyo kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya joto. Pasipo jokofu itabaki maji. Tena nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyovunja protini, kwa hiyo jeli yenye matunda hayo haigandi hata ndani ya jokofu. Matunda hayo yakichemshwa kwanza nguvu hiyo hupotea. Hilo lafaa kuhifadhiwa kwa ajili ya somo la sayansi.

Kastadi ndiyo moyo wa somo, na ndipo walimu wageni hushindwa. Kwa kundi la wanafunzi wanane chukua maziwa nusu lita, mayai matatu, sukari vijiko vitatu vya chakula na kijiko kimoja cha wanga wa mahindi au wa muhogo. Unga wa ugali haufai, kwani una chenga. Wanga wa muhogo wanafunzi wanaweza kuutengeneza wenyewe siku mbili kabla: muhogo mtamu hukunwa, huoshwa kwa maji mengi, maji huachwa yatuame, na mashapo meupe huanikwa. Piga mayai pamoja na sukari na wanga. Pasha maziwa hadi yatoe mvuke, uyamimine polepole juu ya mayai huku ukikoroga, kisha urudishe yote motoni. Koroga bila kupumzika hadi kastadi ianze kutokota na kuushika mwiko.

Kwa nini wanga? Yai peke yake katika maziwa huanza kushikana kwenye joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Likizidi kidogo tu, kastadi hukatika na kuwa chenga na maji. Anayepikia kuni hawezi kulipima joto kwa usahihi huo, hata akiondoa vijinga kwa haraka. Wanga huzizuia chembe za yai zisikamatane. Tunashauri mwalimu atenge yai moja kwa jaribio: vikombe viwili vidogo vya mchanganyiko, kimoja kina wanga na kingine hakina, vyote vichemshwe mbele ya darasa. Kabla ya kuchemsha, wanafunzi waulizwe watarajie nini. Kilichokatika kisitupwe; kinaliwa bila madhara.

Sasa tufike kwenye kakao. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela, na si ajabu kumkuta mtoto ambaye kila msimu husaidia kuzichachusha mbegu chini ya majani ya mgomba, kuzianika uani na kuzilinda na mvua, lakini hajapata kuonja kinachotokana nazo. Tunaliona jambo hili kuwa zito kuliko traifo yenyewe. Konzi moja ya mbegu zilizochachushwa na kukauka, zikikaangwa taratibu, zikamenywa na kusagwa juu ya jiwe zikiwa bado na joto, hutoa uji mzito wenye mafuta. Tia vijiko viwili vya uji huo na sukari zaidi katika nusu ya kastadi, nawe utakuwa na tabaka mbili, ya njano na ya kahawia, zinazoonekana vizuri kupitia bilauri. Mbegu ziombwe kwa mzazi aliye radhi, kwa kuwa hizo ni fedha za nyumba.

Krimu haiumuki ikiwa haijapoa sana, kwa hiyo juu nyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Ute wa mayai mabichi uliopigwa tunaukataza kabisa.

Mpangilio wa saa ni sehemu ya andalio la somo. Kastadi ni maziwa na mayai, na vijidudu huongezeka upesi katika chakula cha uvuguvugu. Sufuria itiwe ndani ya beseni la maji baridi na kukorogwa hadi ipoe, tabaka zipangwe mara moja, na chakula kiliwe kabla ya saa mbili kupita. Siku joto likizidi nyuzi 32, kabla ya saa moja. Kisichukuliwe nyumbani. Kabla ya kugawa, uliza ni nani anayedhurika kwa mayai au maziwa, na kumbuka habari za mke wa Bird.

Jambo la michango lisichukuliwe kwa wepesi. Mwalimu anayemwagiza kila mtoto alete yai na sukari huwafanya wengine wasije shule siku hiyo. Afadhali bakuli moja la darasa kutoka katika banda la kuku la shule, kila mwanafunzi akionja kijiko kimoja, kuliko bakuli tano zilizopikwa na wenye uwezo huku wengine wakitazama. Wasiokoroga wapewe kazi ya kuchora bilauri kwa mkato wa wima, na kando ya kila tabaka waandike kazi yake na kitu kingine cha nyumbani kwao kinachoweza kuifanya kazi hiyo. Michoro hiyo ndiyo mwalimu ataisahihisha.