Kabla ya Harusi, Lipia Kipimo Kipi cha Vinasaba?

Kamati ya harusi inakusanya michango na kila shilingi ina kazi yake. Hata hivyo, tengeni fedha ya kipimo kimoja: cha selimundu. Kati ya herufi bilioni 3 za vinasaba vya binadamu, moja tu ikibadilika huleta ugonjwa huu. Wawili wenye AS (waliorithi badiliko hilo, S, kwa mzazi mmoja tu) wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mwenye SS (aliyelirithi kwa wazazi wote wawili, hivyo mgonjwa).

Kipimo cha awali. Ndicho rahisi kuliko vyote, na hata maabara ndogo zinacho. Lakini hakitenganishi AS na SS. Kikionyesha kuna S, utalipia kipimo cha pili. Rahisi hiyo inaweza kugeuka ghali.

Kipimo cha haraka cha tone la damu. Kidole kinatobolewa, na baada ya dakika kama 10 unaambiwa AA (huna S), AS au SS. Si kila kituo kinacho. Piga simu kabla ya kupanda daladala.

Uchambuzi wa himoglobini. Hufanywa na maabara kubwa. Bei iko juu, ila hutoa picha kamili zaidi. Uliza jumla: kumwona daktari, kipimo chenyewe, na nauli ya kurudi kuchukua majibu.

Kipimo cha mate cha kuagiza nje. Ni kama dola 100 kabla ya usafirishaji. Kanzidata zake zimejaa zaidi watu wa asili ya Ulaya, hivyo Mwafrika hupata majibu ya juujuu kuhusu asili yake. Tena, kampuni moja ya Marekani inayouza vipimo hivi ilipoomba kinga ya kufilisika Machi 2025, taarifa za wateja wake zikawa sehemu ya mali ya kuuzwa. Achaneni nacho.

Jenomu nzima, yaani herufi zote za vinasaba. Mradi wa kwanza wa kuzisoma, 1990 hadi 2003, uligharimu takriban dola bilioni 3. Leo ni dola mia kadhaa. Utaletewa mamilioni ya tofauti, nyingi zisizo na madhara, kisha umlipe mtaalamu akufafanulie. Subiri daktari akuagize.

Uamuzi wangu: chukueni kipimo cha haraka, kikikosekana, uchambuzi wa himoglobini. Mkibanwa sana, apime mmoja kwanza. Akiwa AA, hakuna mtoto wenu atakayezaliwa na SS. Akiwa AS au SS, mwenzake apime wiki hiyohiyo.

Daini majibu kwa maandishi, na mpime kabla kadi hazijachapishwa, ili mkihitaji ushauri wa daktari mzungumze bila kukimbizwa na tarehe.