Wauzaji wawili, soko moja: mbona mmoja anasonga na mwingine amekwama?

Nenda soko lolote asubuhi, Kongowea, Kibuye au pale Wakulima Nairobi, utawaona. Wawili wameketi bega kwa bega. Wote wanauza nyanya na vitunguu, wote walitoka nyumbani kabla ya jua, na mzigo walinunua kwa lori lilelile, bei ileile. Rudi baada ya miaka mitatu: mmoja ana kibanda cha mabati na kijana wa kumsaidia, mwenzake bado ameketi juu ya gunia lilelile na mtaji haujaongezeka hata shilingi. Ukiuliza majirani utaambiwa ni nyota, au ati yule wa kwanza ana mtu wake huko juu.

Bahati ipo, hatutakudanganya. Aliyeanza na elfu ishirini hawezi kuwa sawa na aliyeanza na elfu mbili, na mwenye ndugu anayefanya kazi Doha ana mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika. Bidii pia inahesabika, lakini hawa wawili wote wana bidii. Kwa hivyo tutafute kwingine. Tutaanza na kitu kidogo mpaka kinachekesha: chenji.

Mteja aliyesema "nitarudi"

Hii unaijua. Saa moja asubuhi, mteja anakuja na noti ya elfu.

"Mama, nipatie nyanya za hamsini."

"Huna pesa ndogo?"

"Sina."

"Basi ngoja nitafute chenji."

Mama anazunguka vibanda vitatu. Akirudi, mteja ameenda. Au mteja mwenyewe anasema, "Wacha tu, nitarudi," na sote tunajua maana ya "nitarudi."

Watafiti watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, waliliangalia jambo hili kwenye biashara ndogo magharibi mwa Kenya, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2014. Walipata kwamba mauzo yanayopotea kwa kukosa chenji yanakula kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Hebu tupige hesabu. Kama faida yako ni shilingi 500 kwa siku na unafanya kazi siku sita, kwa wiki una 3,000. Asilimia 5 ya hiyo ni 150, asilimia 8 ni 240. Kwa mwaka mzima unapoteza kati ya 7,800 na 12,480. Hizo ni pesa za mabati ya kibanda, na zimeenda bila mwizi.

Kinachoshangaza ni kwamba chenji haihitaji mkopo. Haiozi kama nyanya. Noti ya elfu uliyoivunja jana jioni bado ni elfu moja leo asubuhi. Sasa mbona watu hawaiweki? Jibu la watafiti ni kwamba wafanyabiashara wengi walikuwa hawajaona ukubwa wa hasara. Nyanya ikioza unaitupa kwa mkono wako, unaumia. Mteja akiondoka, hakuna kinachobaki mezani cha kukukumbusha.

Watafiti hawakuwapa pesa. Baadhi ya wafanyabiashara walitembelewa kila wiki na kuulizwa maswali kuhusu chenji. Wengine walionyeshwa hesabu ya kile wanachopoteza. Makundi yote mawili yalibadilika, wakaanza kujipanga na mauzo yaliyopotea yakapungua. Yaani kuulizwa swali tu kulitosha kumfanya mtu aangalie.

Kwa upande wako, malipo kwa simu yanapunguza tatizo hili kwa sababu mteja analipa hamsini kamili kwa till yako na hakuna anayerudishiwa peremende mbili badala ya shilingi kumi. Lakini usitupe sarafu zako. Kuna mteja ambaye simu imezima, na kuna asubuhi ambapo mtandao unasumbua. Uliza pia makato ya till yako kabla ya kuanza kuitumia, ujue kinachobaki mfukoni. Na tafadhali usikubali kuonyeshwa meseji ya malipo kwenye simu ya mteja. Subiri yako iingie, kisha angalia salio.

Zaidi ya yote, jiulize lile swali. Weka daftari, chora mstari kila mteja anapoondoka bila kununua, na uandike kwa nini: chenji, bei, kitu hakikuwepo. Fanya hivyo wiki moja tu. Taarifa ya simu yako itakuonyesha pesa zilizoingia, lakini haiwezi kukuonyesha zile ambazo hazikuingia.

Jumanne mtoto anapougua

Tuseme wote wawili sasa wana chenji. Tofauti kubwa zaidi hutokea siku mbaya. Jumanne usiku mtoto anapata homa kali. Mmoja anachukua pesa ya mzigo kwa sababu hakuna nyingine nyumbani, na Jumatano anaenda sokoni na nusu ya bidhaa. Nusu ya bidhaa ni nusu ya mauzo, na wateja wake wa kila siku wanazoea kununua kwa jirani. Itamchukua wiki kadhaa kurudi alipokuwa, kama haitatokea homa nyingine katikati.

Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia za Kenya katika miaka ya mwanzo ya M-PESA, ambayo ilizinduliwa Machi 2007. Familia zilizokosa huduma hiyo zikipatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7. Kwa zilizokuwa nayo, matumizi hayakushuka. Sababu ni kwamba zilipata msaada zaidi na kutoka kwa watu wengi zaidi: shangazi Eldoret ametuma mia tano, rafiki wa shule ametuma mia mbili, na zote zimefika kabla ya dawa kununuliwa. Kutuma kulikuwa rahisi, basi watu wakatuma. Lakini msaada wa aina hii unaenda pande mbili. Anayekumbukwa siku yake mbaya mara nyingi ni yule aliyetuma mia mbili siku ya mwingine.

Hata hivyo si kila mtu ana shangazi mwenye pesa. Hapo ndipo akiba yako mwenyewe inapoingia, na kuna utafiti mwingine wa hapahapa magharibi mwa Kenya tunaoupenda sana. Pascaline Dupas na yuleyule Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vyama kisanduku cha kawaida chenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe, ili waweke akiba ya mahitaji ya afya. Baada ya mwaka mmoja, matumizi yao kwa vitu vya kukinga magonjwa yalikuwa juu kwa asilimia 66 hadi 75 kuliko wasiopewa. Kisanduku hakikuwapa riba wala hakikuwazuia kuchukua pesa. Ila pesa iliyo ndani ilikuwa na kazi yake. Shemeji akija kukopa, ni rahisi kumwambia "hiyo ni ya dawa" kuliko kumwambia "sina" huku anaiona mfukoni.

Kwenye simu unaweza kufanya vivyo hivyo. Pesa ya mzigo, ya nyumba na ya dharura zikikaa kwenye salio moja, zote zinaonekana ni pesa tu, na ya kwanza kuombwa ndiyo inayotoka. Fungua sehemu ya akiba kwenye menyu, uipe jina la kazi yake, kama "Hospitali," na uhamishe kidogo kila jioni ukimaliza kufunga hesabu. Hata thelathini ni sawa. Siku ambayo biashara imekuwa mbaya kabisa, ruka, uendelee kesho. Na kama umeweka kwa ajili ya hospitali, hospitali ikifika itumie bila kujilaumu, halafu uanze tena kuijaza mtoto akishapona.