Hakuna anayeshuka peke yake

Huko Mombasa, Kenya, kuna meli iliyozamishwa kwa makusudi. Ni MV Dania, iliyokuwa ikibeba ng'ombe. Mwaka 2002 ilisafishwa, ikazamishwa karibu na pwani ya Bamburi ili samaki wapate makao na wageni waje kuitazama. Leo watu wanaishukia na chupa ya hewa mgongoni, kwa kujifurahisha tu.

Tunaweza kucheka: sisi tunayaogopa maji, wengine wanalipa pesa ili waende chini! Lakini tutazame desturi yao. Hakuna anayeshuka peke yake. Kabla ya kuingia majini, kila mmoja anakagua mikanda na hewa ya mwenzake. Wanarudi juu polepole, hewa ingali imebaki. Na yeyote akisema "leo sishuki," hachekwi.

Meli nyingine hazikuzamishwa kwa makusudi. MV Bukoba ya Tanzania ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza, imejaa watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Kuwa karibu na nchi kavu hakukuwaokoa.

Sisi tunavuka Lualaba na Luama kwenda sokoni, na watoto na magunia. Chupa za hewa hatuna, lakini desturi ile haina bei. Tuvuke wawili wawili, kila mama ahesabu na watoto wa mwenzake. Mtumbwi ukijaa, tungojee wa pili. Na mama akisema "huu siupandi," tusimcheke. Tubaki naye kivukoni.